Kaunta ya jikoni kwa laki 9, Uyole Mbeya: graniti, tailizi, terazo au zege tupu?

Binti Uyole

Habari za asubuhi wapendwa, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri kwa mwenye uzoefu maana kichwa kimechoka, kila fundi ana lake. Tumehamia kwetu hapa Uyole nyumba ikiwa haijaisha vizuri, jikoni nilikuta ukuta na bomba tu, mpaka leo nakatia mboga kwenye meza ya mbao ambayo miguu imeanza kuoza na sufuria zinapangwa chini. Sasa mwaka huu tumejibana tumepata laki 9 ya kaunta, yani kaunta yenyewe na kile inachokalia, milango ya makabati tutafunga baadae tukipata.

Nafasi ni ya kona, upande wa dirishani mita 3 alafu inakata kushoto mita 1.8 nyingine, upana sentimita 60. Sinki linakaa chini ya dirisha. Moyo wangu uko kwenye graniti nyeusi, ila nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe, ukipiga bei kwa urefu wangu jiwe peke yake linakula hela karibu yote na hapo bado kukata, kulainisha kingo na kufunga, na bado sina cha kulilazia. Fundi mmoja kaniambia nipige MDF na formika (ile karatasi ngumu ya plastiki ya kubandika) juu, siku 2 kazi imeisha na inapendeza. Mwingine anasema zege na niru (simenti tupu ya kulainisha uso) basi nisijitese. Mwingine anasema tailizi, ila shoga yangu alipiga tailizi na ile mistari ya katikati saivi imekuwa myeusi hata afute vipi.

Kwetu tunapika kweli kweli, ndizi, maharage, mawese ya Kyela, sufuria ikitoka motoni inatua hapo hapo, watoto wapo 3 na maji yanamwagika kutwa. Nataka kitu cha kukaa miaka bila kurudia. Mngekuwa nyie kwa hela hiyo mngefanyaje?

Fundi Iyunga

Dada karibu, mimi kazi yangu ni ujenzi na kaunta nimemwaga nyingi tu. Kwanza tenganisha vitu viwili, kuna kitanda na kuna shuka. Kitanda ni miguu ya tofali na zege, shuka ni hicho unachotandika juu, iwe graniti, tailizi, terazo au niru. Shuka utabadilisha ukipata hela, kitanda ukikosea utavunja kila kitu mpaka bomba. Kwa hiyo mimi hela yako ya kwanza naiweka kwenye zege, ikibaki ndo tunaongea urembo.

Hesabu yako: mita 4.8 kwa 0.6 ni kama mita za mraba 2.9. Zege la unene wa sentimita 7.5 linakuja mita za ujazo 0.22 hivi, mifuko 2 ya simenti inatosha kwa bamba lenyewe, mingine ni ya kujengea na kupiga plasta ile miguu. Ila jua kwamba hiyo ni zaidi ya kilo 500 inakaa juu ya miguu, usikubali fundi akutegee ukutani na misumari. Kuta fupi za tofali kila sentimita 70 mpaka 80, zianzie kwenye zege la sakafu na sio juu ya tailizi za chini, alafu bamba linapita juu. Katikati ya hizo kuta ndo baadae unafunga milango unapata makabati.

Mchanganyo ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za kokoto ndogo, simenti chukua hata Tembo ya hapa hapa Songwe ilimradi haijaganda. Maji kidogo, mafundi wengi wanapenda zege liwe uji ili liteleze lenyewe na hapo ndo nyufa zinapoanzia. Nondo za milimita 8 kila sentimita 15 pande zote mbili, ziinuliwe na biskuti, vile vipande vidogo vya simenti, za sentimita 2 zisilale kwenye mbao. Na kwenye tundu la sinki ongeza vipande vya nondo mshazari kwenye kona zote 4, zege likipasuka linaanziaga hapo.

Alafu hili wengi wanalikosea, NUNUA SINKI KWANZA. Usimwage zege kwa kukadiria tundu. Nshaitwa nyumba moja kuja kupanua tundu kwa grenda, tulikula vumbi siku nzima na zege likachanika.

Mama Kihesa

Kamwene mwanangu, niko Iringa. Hiyo ya MDF naomba uikimbie. Mimi nilifanya, fundi wangu alinipamba kweli na formika ya rangi ya mti ilikuwa nzuri mpaka wageni wanashika. Miezi 8 tu pembeni ya sinki ikaanza kuvimba kama mkate, maana MDF ni nyuzi laini za mbao zimegandishwa kwa gundi, maji yakishaingia kwenye kiungo yanafyonzwa na hairudi tena hata ukianika. Na siku binti yangu alipoweka sufuria ya mafuta ya moto formika ikaacha duara jeupe mpaka nilipoing'oa. Kwa jikoni la kwetu lenye maji na moto haifai, labda sebuleni.

Lingine ambalo hukuuliza ila nakwambia kama mama yako, angalia UREFU. Mafundi wanajenga kaunta sentimita 90 kwa kila mtu, basi wewe unaweka juu yake jiko la gesi la plati mbili, juu ya jiko sufuria ya ugali, mwiko unaushika usawa wa kifua. Ugali unasongwa kwa kuinamia na uzito wa mwili, sio kwa mabega. Mimi mabega yaliniuma mwaka mzima nikajua ni uzee kumbe kaunta. Simama wima bila viatu kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Pa kukatia mboga toa sentimita 10 mpaka 15 kwenye kipimo hicho. Pa jiko shusha zaidi, la kwangu jipya pa jiko ni sentimita 70 na nasonga ugali wa watu 10 bila shida. Ni ngazi moja tu fundi anaitengeneza kwenye zege, haikuongezei hela ya maana.

Terazo Njombe

Binti yangu mbona terazo hakuna aliyeitaja? Nenda majengo ya zamani ya serikali, shule, hospitali, ngazi za terazo zimekanyagwa tangu sijaoa na bado zinang'aa. Ni simenti na chipsi za mawe, zinamwagwa juu ya zege kama sentimita 2, zikikauka zinasagwa kwa mashine kutoka jiwe la kukwaruza mpaka laini. Ukitaka rangi unatumia simenti nyeupe na unga wa rangi. Haina mistari, kona yako yote inakuwa kitu kimoja kuanzia dirishani mpaka mwisho, uchafu hauna pa kujificha. Sufuria ya moto haiiogopi.

Ubaya wake nausema pia. Fundi wa terazo anayejua kweli wamebaki wachache, ukimpata wa kubahatisha chipsi zinang'oka wakati wa kusaga unabaki na mashimo. Mashine kubwa ya sakafu haiingii kwenye kaunta ya upana wa 60, kingo na karibu na ukuta wanasaga kwa grenda ya mkono, kwa hiyo ufundi unakula hela kuliko material. Na ndimu au siki ikilala usiku kucha inaacha alama kwa sababu simenti na zile chipsi za mabo (marble) ni jamii moja na chokaa, asidi inazila. Niru nayo ni hivyo hivyo, tena niru ni ngozi nyembamba tu, mawese ya Kyela yakidondoka hapo yanazama huyatoi.

Mafinga Mbao

Mi nitatetea mbao kidogo maana ndo kazi yangu, huku Mufindi misitu ya Sao Hill imetuzunguka. Kaunta ya mbao inapendeza na ni laini kwa vyombo, glasi ikidondoka inapona. Ila kwa matumizi ya dada hapo juu sitamdanganya, paina ni mti mwepesi, kisu na sufuria vitaacha alama wiki ya kwanza na karibu na sinki itakuwa nyeusi. Mninga unavumilia ila hela yake inakaribia jiwe na unatakiwa upakwe mafuta kila baada ya miezi kadhaa. Ukitaka mbao weka kipande cha mita moja upande mkavu pa kukatia na kukandia chapati, basi.

Ila jambo moja naomba mlishike wote. Zile mbao zilizopigwa dawa zikawa za kijani kijani, watu wanabaki nazo baada ya kuezeka wanatengenezea kaunta, au kibao cha kukatia. MSIFANYE HIVYO. Dawa ile ya kijani inayotumika sana kwenye mbao na nguzo ina shaba, kromiamu na aseniki, hiyo aseniki ni sumu, sio kitu cha kukaa na chakula, na vipande vyake msivichome jikoni kama kuni. Nimeona mtu anapikia nyumbani kwake na watoto wapo hapo nikaumia sana.

Na marine board, plaiwudi ile yenye uso mweusi, watu wanaiamini kwa jina tu, uso wake ni mgumu sawa, ila ukishaikata pale pembeni pako wazi maji yanaingia. Itumie kama mbao za kufungia hilo zege la fundi, chini patatoka laini, alafu uiuze.

Binti Uyole

Jamani asanteni sana, ndaga fijo. Mama Kihesa ya urefu hata sikuwahi kuiwaza, nimeenda kupima hapo hapo. MDF nimeifuta kichwani.

Maswali mawili. Jirani yangu ana jiwe jeupe aliambiwa ni graniti, limejaa madoa kama maji yaliyokaukia na halitoki, nifanyaje mimi nisije kupigwa siku nikinunua? Na je tailizi za kaunta kuna namna ya kuzuia ile mistari isiwe myeusi au ndo kawaida yake?

Mkata Mawe

Dada hilo la jirani bila kuliona nakwambia sio graniti, ni mabo, au jiwe la jamii ya chokaa. Huku watu wanachanganya majina, tailizi wanaita marumaru, mabo wanaita marumaru, dukani nako jiwe lolote linalong'aa wanaita graniti. Hata lile jiwe la Songwe la rangi ya krimu yenye mawimbi ni zuri sana ukutani na sakafuni ila ni chokaa, ndo maana kiwanda cha simenti kilijengwa kule. Ndimu, nyanya, siki, soda, zote zinalikwangua. Yale sio madoa, ni sehemu ambayo uso umeliwa, ndo maana hayatoki kwa sabuni. Mwambie aite mtu wa kulisugua upya kwa pedi za almasi, litarudi, ila ndimu aikatie kwenye kibao.

Ukienda kununua omba kipande kilichobaki cha jiwe lile lile, usijaribie kwenye bamba la watu. Kamulia ndimu, subiri dakika 15 ufute. Graniti haitabadilika, mabo itapoteza mng'ao hapo hapo na pengine utaona tuvipovu. Cha pili dondoshea maji, ukikuta baada ya robo saa pale pamekuwa peusi kuliko pembeni basi linanyonya, litahitaji kupakwa sila (dawa ya kuziba vitundu) na kurudiwa, la sivyo mawese na manjano yatazama. Cha tatu kwa nyeusi hasa, futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, kikitoka na weusi ujue jiwe limepakwa rangi, achana nalo.

Sasa kuhusu hela yako. Wengi mnauliza bei ya kaunta nzima ya bamba jipya. Ulizia VIPANDE. Sisi tukishakata kaunta ya mtu mwenye nafasi kinabaki kipande cha mita moja, mita moja na nusu, kinakaa nyuma ya banda kinakusanya vumbi. Hicho bei yake tunaongea. Ukipata kimoja ukakiweka pale unapofanyia kazi sana, na kwingine ukapiga kitu cha kawaida, hakuna atakayekucheka. Unene mara nyingi ni milimita 20, mita moja ya upana wako ni kilo 30 na kitu, watu wawili wanabeba. Kibebwe kimesimama kama kioo, ukikilaza mkibeba kinakatika katikati.

Mama Isanga

Mdogo wangu mimi nina kaunta ya tailizi mwaka wa 6 huu hapa Isanga na mistari yangu haijawa myeusi. Siri ni vitu vitatu na hakuna hata kimoja cha gharama ya kutisha.

Kwanza chukua poseleni, usichukue seramiki. Geuza tailizi nyuma, seramiki nyingi ni nyekundu au za udongo na ukiweka tone la maji linazama, poseleni maji yanakaa juu kama kwenye kioo. Seramiki ikibanduka kidogo tu unaona udongo wa ndani, poseleni rangi imeingia zaidi.

Pili chukua za 60 kwa 60. Upana wako ni sentimita 60, yani tailizi moja inatoka ukutani mpaka mbele, hauna mstari wowote wa kulala. Kwa urefu wako ni tailizi 5 upande wa dirisha na 3 upande wa pili, jumla 8, mistari ya kusimama michache tu. Shoga yako bila shaka aliweka zile ndogo za ukutani, mistari kila mahali. Zile za 60 kwenye boksi huwa zinakaa 4, kwa hiyo maboksi 2 yanafunika juu, la 3 unakatia vipande vya ukingo wa mbele na vya kuzuia maji ukutani, na mimi ningechukua la 4 kwa sababu fundi atavunja kwenye tundu la sinki, pale mbele na nyuma inabaki milia myembamba. Mwambie apange ili kiungo cha tailizi mbili kiangukie katikati ya sinki, hapo anakata nusu nusu na haivunjiki ovyo.

Tatu grauti, ile ya kujazia mistari. Ya simenti ndo inayogeuka nyeusi kwa sababu inakunywa mafuta na chai, na utomvu wa ndizi ndo balaa kabisa. Ipo ya epoksi ya kuchanganya vitu viwili, haipitishi maji. Ni ghali kwa kilo ila wewe una mistari michache, kopo dogo linatosha. Inaganda haraka, afanye kidogo kidogo na afute papo hapo, ikishaganda juu ya tailizi hutoi. Pale tailizi inapokutana na ukuta na kuzunguka sinki weka silikoni badala ya grauti, maana ndo panapochezacheza. Na ukingo wa mbele afunge ile strip ya aluminiamu, tailizi kali inakata mikono na ya watoto ndo kabisa.

Kitu kimoja tailizi haipendi ni kupondewa. Kinu na nazi kavu mpondee chini.

Fundi Iyunga

Mama Isanga kamaliza. Na ndo maana nilisema kitanda, maana zege likiwa zuri leo unalaza poseleni, ukipata hela baada ya miaka 5 unalaza graniti juu yake hapo hapo bila kuvunja mguu hata mmoja. Ila ukipanga hivyo mwambie fundi mapema, sentimita 2 zitaongezeka kwenye urefu na sinki litabidi lifunguliwe lirudishwe.

Nyongeza ya baridi. Hapa Mbeya Juni na Julai usiku zege linachelewa kukomaa, usimwage jioni. Mwaga asubuhi jua likianza, funika kwa magunia na nailoni, mwagia maji siku 7 mfululizo hata kama linaonekana gumu. Mirunda ya chini usiondoe kabla ya wiki 2. Tailizi zisipigwe kabla zege halijafika kama siku 28, likiendelea kusinyaa chini yake viungo vinafunguka. Najua una haraka, ila umevumilia mpaka sasa, mwezi mmoja hautakushinda.

Binti Uyole

Nimerudi na habari. Nimekaa na mume wangu tumepiga hesabu usiku, tumekubaliana zege kwanza na poseleni za 60 rangi ya kijivu ambayo haionyeshi kila kitu. Kwa Mkata Mawe nitakuja kuangalia kipande cha mita 1 cha nyeusi, kikipatikana nakiweka kulia kwa sinki pa kukatia, hamu yangu ya graniti itapata pa kutulia.

Sinki nimenunua leo Kabwe, lina sentimita 80 kwa 50, tundu kwenye karatasi yake imeandikwa 78 kwa 48. Kiwiko changu ni 101, kwa hiyo kaunta itakuwa 88 ikiwa na tailizi juu, na mita 1.2 ya mwisho upande wa kushoto nashusha mpaka 72 pa jiko. Fundi Iyunga hapo nimekosea popote?

Fundi Iyunga

Hujakosea dada. Ila hilo karatasi lisikutoshe, masinki mengine hayalingani na karatasi zake. Ligeuze juu ya boksi, chora kulizunguka kwa penseli, ingia ndani sentimita 1 kila upande, kata hiyo boksi unipe, mimi nafungia mbao kwa kufuata hiyo. Na kwenye ile 88 mimi zege namalizia 86.5, sentimita 1.5 ni ya gundi na tailizi. Pale pa jiko acha tundu dogo la mpira wa gesi kupita ukutani kabla sijamwaga, mtungi ukae nje.

Mama Kihesa

Na ukutani nyuma ya jiko panda na tailizi angalau mbili kwenda juu mwanangu, plasta ikishanywa mafuta ya ndizi za kukaanga hata rangi haishiki.

Binti Uyole

Sawa mama, naongeza boksi la 5 basi. Fundi, kiboksi nimeshakata, Jumamosi asubuhi nipo nyumbani.